Sinki mbili bafuni: anza na taa, kioo kitafuata

Jamani hebu tuliongee hili la sinki mbili, maana siku hizi nyumba nyingi mpya zinazopanda huku Zanzibar, iwe Chukwani, Fumba, Mbweni au kule Chake Pemba, ukiingia bafu la chumba kikubwa unakuta kabati refu lenye sinki mbili, kaunta inang'ara, mifereji mizuri ya kupendeza, alafu ukiinua macho ukutani ndo unakuta mambo yameharibika. Kioo kimoja kikubwa kimebandikwa pale kilipoenea, darini kuna daunlaiti mbili, zile taa zinazozama kwenye jipsam, na mwenye nyumba akisimama pale kunyoa ndevu au kupaka wanja anajiona ana mifuko chini ya macho kama mtu alokesha wiki nzima. Pesa imetumika, tena sio ndogo, lakini kazi haifanyiki. Na tatizo haliko kwenye bei wala dukani, liko kwenye mpangilio, watu wananunua kioo kwanza kwa sababu kinavutia macho, alafu taa ndo inatafutiwa pa kukaa. Inatakiwa iwe kinyume chake kabisa, na ntaeleza kwa nini.

Kioo chenyewe hakina haja ya mwanga. Kioo kinarudisha tu kile kilichopo mbele yake, na kilichopo mbele yake ni wewe. Kwa hivo swali la mwanzo sio nitie kioo gani, ni mwanga utaufikiaje uso wangu. Mwanga ukishuka wima kutoka darini unakutana na paji la uso kwanza, nyusi zinatupa kivuli machoni, pua inatupa kivuli mdomoni, kidevu kinaifunika shingo yote, hapo mtu anayenyoa chini ya taya anafanya kazi ya kupapasa na anayefunga ushungi hajui pini imekaa sawa au imekwenda upande. Ukienda Hamamni pale Mji Mkongwe, yale mahamamu yalojengwa wakati wa Sultan Barghash, mwanga wa mchana unaingia kwa matundu ya juu, na kwa kukoga na kupumzika ni mwanga mzuri mno, unatuliza. Lakini kukoga ni kukoga, kujitazama uso ni kazi nyengine na inataka mwanga mwengine.

Mwanga unaoufaa uso unatoka pembeni, kulia na kushoto, usawa wa macho. Hapo kivuli kinachotupwa na taa ya kulia kinafutwa na taa ya kushoto, na uso mzima unaonekana sawasawa, hata chini ya kidevu. Vipimo vyake sio siri, taa mbili ziachane baina ya sentimita 70 na 100, na katikati ya taa iwe kama sentimita 150 mpaka 165 kutoka sakafuni. Taa iwe na kifuniko cha glasi ya rangi ya maziwa au plastiki ya namna hio, kirefu kidogo, sio globu tupu inayokupiga machoni, maana jicho likishapigwa na mwanga mkali linajikaza na uso wako unauona mweusi zaidi hata kama mwanga upo wa kutosha.

Kama pembeni hapana nafasi kabisa, basi taa ya juu ya kioo inakubalika lakini iwe ndefu, isipungue robo tatu ya upana wa kioo, ikae kama sentimita 195 hadi 200 kutoka chini, na ijitokeze nje ya ukuta ili mwanga upige usoni badala ya utosini. Taa ya namna hii inasaidiwa sana na kaunta. Kaunta nyeupe au ya rangi ya mchanga inaurudisha mwanga juu na kuutia chini ya kidevu, granaiti nyeusi inaumeza wote. Sisemi usinunue granaiti nyeusi, wengi wanaipenda na haioneshi madoa, ila ukishaichagua ujue taa za pembeni sasa ni lazima.

Sasa tuje kwenye hesabu ya sinki mbili, na hapa ndipo watu wanapochanganyikiwa kwelikweli. Chukua kabati la sentimita 150. Sinki zikigawanywa sawa, katikati ya sinki ya kwanza ni sentimita 37 na nusu kutoka ukingo wa kushoto na ya pili ni hivo hivo kutoka kulia, kwa hio baina ya mtu na mtu pana sentimita 75. Kioo cha kila mmoja lazima kikae katikati ya sinki yake, hili halina mjadala, mtu akinawa alafu akiinua kichwa anatakiwa ajikute ndani ya kioo, asijitafute. Ukitia vioo viwili vya upana wa sentimita 60, baina yake inabaki sentimita 15 na kila pembeni saba na nusu tu, taa ya katikati inaenea lakini za pembeni zinabanwa au zinatoka nje ya kabati. Ukipunguza vioo vikawa vya 50, katikati unapata 25 na pembeni 12 na nusu kila upande, taa tatu zinakaa kwa raha, ile ya katikati wanagawana wote wawili. Yani sentimita 10 tu za kioo zimeamua mpangilio mzima, na hii ndo sababu nnasema usinunue kioo kabla hujajua taa inakaa wapi.

Kabati la 180 ni raha tupu, hapo vioo vya 60 vinaenea na unaweza hata kutia taa nne, mbili kwa kila mtu. La 120 ni bana, sinki zinaachana sentimita 60 na watu wawili wanagongana viwiko, hapo mie ningetia kioo kimoja kirefu na taa moja ndefu juu yake nikamaliza.

Kuna wanaopenda kioo kimoja kirefu hata kwenye kabati kubwa, kwa sababu bafu linaonekana pana. Ni kweli linaonekana pana. Lakini fikiria uzito. Glasi ina uzito wa kilo 2.5 kwa kila mita moja ya mraba kwa kila milimita moja ya unene, kwa hio kioo cha sentimita 180 kwa 80 chenye unene wa milimita 5 kinafika kilo 18, na cha milimita 6 kinapita 21. Kioo hicho kipandishwe ghorofa ya pili kwa ngazi nyembamba, au kiende Pemba kwa boti, kinasafiri kikiwa kimesimama sio kulazwa, maana kikilazwa na kikatikisika kinajipinda kwa uzito wake wenyewe na kinapasuka. Na siku ukingo wake mmoja ukianza kuharibika unabadilisha chote. Vioo viwili vya kiasi kila kimoja kinabebwa na mtu mmoja, na kikiharibika kimoja unashughulika na hicho hicho. Kwa huku kwetu mie nnaona viwili ndo akili, na kuokoa unene usifanye, kioo cha milimita 3 kinapinda ukikikaza ukutani na sura yako inakuja imevutika, anza na 4, bora 5.

Urefu wa kuning'inizia nao una hesabu yake, na ni nzuri kwa sababu haitegemei umesimama karibu au mbali. Ili uone sehemu fulani ya mwili wako, kioo lazima kifike katikati baina ya jicho lako na sehemu hio. Tuseme bwana ana urefu wa sentimita 180, macho yake yapo kama 168, na akivaa kofia kichwa kinafika 188, basi kuiona kofia yote anataka kioo kifike 178. Bibi ana 152, macho yapo 141, na pini ya ushungi ipo kifuani kwenye 117, basi anataka kioo kishuke mpaka 129. Kwa hio baina ya 129 na 178 ni lazima pawe na kioo, vyenginevyo mmoja wao anakosa haki yake. Ongeza na mtoto wa darasa la kwanza anayepiga mswaki, macho yake yapo kwenye 107 hivi na meno yapo kama 100, anataka kioo kishuke karibu na 103. Kaunta nyingi zipo sentimita 85, mfereji unapanda mpaka kwenye 100, basi anza kioo kwenye 103 au 105 umalize 185 au 190, na nyumba nzima imeona. Ndo maana vile vioo vya duara vinavyopendwa siku hizi mie sivipendi kwenye sinki ya watu wawili walopishana urefu. Duara la sentimita 60 lenye kitovu kwenye 160 linaanzia 130, na pale chini ndipo linapokuwa jembamba, bibi wa watu anayetaka kioo kishuke mpaka 129 pini yake haioni. Ukitaka umbo la mviringo, chukua lile refu lenye ncha za duara juu na chini na mbavu zilonyooka, linapendeza na linafanya kazi.

Tuje kwenye rangi ya mwanga. Ukienda dukani ukasema nataka globu utaulizwa nyeupe au ya njano, basi, hakuna swali jengine. Lakini tizama boksi, pameandikwa namba yenye herufi K. 2700 na 3000 ni mwanga wa njano wa joto, 4000 ni mweupe wa kati, 6500 ni ule mweupe wenye ubuluu ulojaa madukani. Bafuni kwa ajili ya uso chagua 3000 mpaka 4000, na taa zote za pale ziwe namba moja, kwa sababu ukichanganya, kushoto 3000 na kulia 6500, shavu moja linakuwa la machungwa na jengine la majivu na mtu akipaka poda anapaka rangi mbili bila kujijua. 6500 inaonekana kali na safi dukani, ila usoni inapausha, na bibi harusi akijipamba chini yake alafu akaingia ukumbini kwenye taa za njano, rangi zote zinageuka.

Namba ya pili ni muhimu zaidi na hakuna anayeitizama. Inaandikwa CRI au Ra, inakwenda mpaka 100, inapima taa inavyoonesha rangi za vitu kwa ukweli. Taa nyingi za bei rahisi ni 80, kwenye kioo tafuta 90 kwenda juu. Tena kuna jambo la ndani zaidi hapa. Namba hii ya Ra inapatikana kwa wastani wa rangi 8 za majaribio ambazo zote zimepoa, hazijakoza, na nyekundu iliyokoza haimo, ina namba yake peke yake inayoitwa R9. Taa inaweza kupata 80 nzuri tu huku nyekundu yake ikiwa mbovu. Na ngozi zetu, weusi kwa maji ya kunde, uhai wake wote uko kwenye wekundu ulio ndani, taa ikikosa nyekundu uso unakuja wa kijivu, unajiona mgonjwa na wewe mzima. Kwa hio ukiona boksi limeandika R9, hata 50, mtengenezaji huyo amejali. Na kama hakuna maandishi, fanya hivi dukani, omba iwashwe, weka kiganja chako chini yake, alafu toka nje ukitizame kiganja hicho hicho kivulini mchana. Kama ni watu wawili tofauti, iache hio taa.

Wingi wa mwanga usiupime kwa wati, pima kwa lumeni. Globu ya zamani ya wati 60 ilikuwa inatoa kama lumeni 800, LED ya wati 8 au 9 inatoa hizo hizo. Kwa kila uso kusanya lumeni 800 mpaka 1600 kutoka pande zote, na wenye ngozi nyeusi zaidi waende kwenye namba ya juu, kwa sababu ngozi nyeusi inarudisha mwanga kidogo kuliko nyeupe. Kuhusu umeme wa tukuza usiogope, taa tatu za wati 8 zikiwaka saa mbili kila siku zinakula kama yuniti moja na nusu kwa mwezi mzima.

Haya, sasa adui mkubwa wa kioo huku visiwani, na hili ningependa kila mtu alijue kabla hajatoa pesa yake. Kioo ni glasi ilopakwa fedha kwa nyuma, fedha kweli, kwa njia ilotokana na kazi ya Mjerumani Justus von Liebig mwaka 1835, na juu ya hio fedha kwa kawaida panapakwa shaba alafu rangi ya kuilinda. Mbele fedha inalindwa na glasi, nyuma inalindwa na rangi, lakini pale kioo kilipokatwa, ukingoni, fedha iko uchi. Chumvi ya bahari na unyevu vinaingia hapo hapo na ukingo unaanza kutoa weusi unaopanda kidogo kidogo kama ramani. Watu wa Paje, Nungwi na Makunduchi wanaujua vizuri, ila hata ukiwa mjini hujakimbia.

Na sisi tuna jambo letu jengine ambalo picha za mabafu ya Ulaya hazilijui, tunatawadhia sinki. Mara tano kwa siku maji ya uso, ya mikono mpaka viwikoni, ya kichwa, wengine mpaka mguu unapandishwa pale, maji yanaruka, yanapiga ukuta, yanateremka kwenye kioo na kujikusanya kwenye ukingo wa chini. Tizama kioo chochote chenye umri kidogo, weusi unaanzia chini. Kwa hio kwanza kioo kisikae juu ya kaunta wala kisiguse tailizi za chini yake, kiache nafasi ya sentimita kadhaa ili maji yasisimame ukingoni. Pili ulizia kioo kisichokuwa na shaba kwa nyuma, vipo, vinahimili unyevu zaidi. Tatu mwambie fundi wa vioo ausage ukingo uwe laini kisha aupake dawa ya kuziba ukingo, na asipokuwa nayo hata vanishi safi ya rangi ya kioo ni bora kuliko kuuacha uchi. Nne, nyuma ya kioo iachwe nafasi ya milimita chache hewa ipite, kioo kilogandishwa chote ukutani kinafuga unyevu.

Na silikoni! Ile ya kawaida inayonuka siki ikiwa mbichi, usiiruhusu iguse mgongo wa kioo. Hio harufu ni asidi inayotoka wakati inakauka na inakula rangi na fedha, baada ya muda unaona madoa meusi katikati ya kioo sawasawa na pale fundi alipobonyeza. Taka silikoni isiyonuka siki, kwenye bomba pameandikwa inafaa kwa vioo. Fremu nayo, chuma kilopakwa rangi ya kung'ara kinatoa kutu haraka, chukua alumini au stenlisi, na kama upo ufukweni stenlisi iwe ya daraja la 316 maana ile ya daraja la 304 inatoa vidoa vya kahawia kwa hewa ya chumvi. Fremu ya mbao ya kuchonga, kazi ya mafundi wetu wa milango, ni nzuri mno na ningefurahi kuiona kwenye mabafu mengi zaidi, tena inafunika ukingo wa kioo, ila mbao ipakwe vanishi pande zote, mpaka mgongoni na ndani ya mtaro kinapokaa kioo, sio sura tu.

Vile vioo vyenye taa ndani yake vimejaa sasa, vya kugusa kwa kidole, na watu wananiuliza kila siku ni vizuri au vibaya. Inategemea taa inatoka wapi. Kama taa iko nyuma ya kioo na inatoa mng'aro ukutani tu, hio ni ya urembo, uso unabaki gizani, utahitaji taa nyengine. Kama taa inatoka mbele kwa ukanda mweupe ulokwanguliwa kwenye glasi, tena ukanda mpana, basi inafaa, hasa ukanda ukiwa pande zote mbili. Muulize muuzaji maswali mawili. La kwanza, kile kiboksi cha kuendeshea taa kikiungua kinabadilishwa? Kiboksi hicho kinakaa nyuma ya kioo kwenye unyevu na mara nyingi ndo kinachokufa kwanza, kama kimegandishwa moja kwa moja basi kioo kizima kinatupwa. La pili, umeme ukikatika ukarudi, taa inawaka yenyewe kwa swichi ya ukutani au lazima ikaguswe tena? Umeme wetu unakuja kwa waya wa chini ya bahari, Unguja kutoka Ras Kiromoni mpaka Fumba na Pemba kutoka upande wa Tanga tangu 2010, na kukatika kunatokea, kwa hio lijaribu hilo dukani hapo hapo, chomoa, chomeka, utaona. Na ukiletewa kioo na ndugu walio nje tizama volti, cha Dubai au Omani kinaingia bila shida, cha Marekani cha volti 120 ukikichomeka kwenye 230 yetu kinaungua siku hio hio.

Ile pedi ya kuzuia ukungu wanayoiuza pamoja na kioo, wengi hawaihitaji. Kioo kinatoa ukungu kikiwa baridi kuliko kiwango cha umande wa hewa, na huku kwetu ukuta na kioo vyenyewe vina joto, maji ya kukogea nayo mara nyingi ni ya kawaida. Anayeihitaji ni yule mwenye kiyoyozi. Hewa ya nyuzi 30 yenye unyevu wa asilimia 75 inaanza kutoa umande kwenye kitu chenye nyuzi 25, sasa chumba kimelala na kiyoyozi cha 20, mlango wa bafu uko wazi, kioo kimepoa usiku kucha, asubuhi unafungua dirisha hewa ya masika inaingia, kioo chote kinafunga. Dawa ya bure ni kufunga mlango wa bafu usiku.

Umeme sasa, na hapa tusicheze. Taa ya bafuni iwe na alama ya IP44 au zaidi, 4 ya mwanzo ina maana kitu cha unene wa milimita moja hakiingii, 4 ya pili maji ya kuruka kutoka upande wowote hayaidhuru. Mabafu yetu mengi hayana beseni la kuogea, mfereji wa mvua uko ukutani na maji yanakwenda sakafuni, na kanuni za kimataifa za bafu la namna hio zinahesabu sentimita 120 kutoka kwenye mfereji wa mvua kuwa ni eneo la maji, mpaka urefu wa sentimita 225. Swichi na soketi zisiingie humo kabisa. Alafu ile breka ya kukata umeme unaovuja, ya miliampia 30, iwepo kwenye boksi la umeme, na kile kitufe cha kujaribia kibonyezwe mara kwa mara, kikibonyezwa na umeme usikatike mwite fundi.

Na fundi umeme anataka kujua sehemu za taa kabla ya plasta, sio baada ya tailizi. Hapa ndipo kazi nyingi zinapoharibika, fundi anauliza "mama, waya wa taa ya sinki niutoe wapi?" na mama yupo mbioni anamjibu "utoe hapo juu katikati mwanangu", bas, imekwisha hio, waya mmoja juu katikati ya sinki mbili, hauko juu ya uso wa mtu yeyote. Mpe fundi karatasi yenye sentimita, waya tatu, kila mmoja umbali wake kutoka ukuta wa kushoto na urefu wake kutoka sakafu ilokamilika, na useme sakafu ilokamilika kwa sababu tailizi na saruji yake zinaweza kuongeza sentimita tano.

Wenye nyumba za Mji Mkongwe wana shughuli ya ziada. Kuta za mawe na chokaa ni nene lakini ni laini, ukitoboa tundu la skrubu jiwe linamong'onyoka na plagi inazunguka, kioo cha kilo 10 usikitundike kwa skrubu mbili. Funga kwanza ubao mrefu ukutani kwa skrubu nyingi zilogawanyika, alafu kioo kitundikwe kwenye ubao. Usichimbe ukuta kupitisha waya ovyo, pitisha kwa juu kwenye mkondo mdogo na uupake chokaa, na kabla ya kubadilisha chochote kikubwa pitia Mamlaka ya Mji Mkongwe. Wao wana bahati moja, dirisha. Ukiweza kuziweka sinki dirisha likawa ubavuni mwako, una mwanga bora kuliko taa yoyote kwa mchana mzima. Dirisha likiwa mgongoni mwako uso unakuwa mweusi na kioo kinakurudishia jua machoni.

Kabla hujalipa hata shilingi fanya jaribio hili na mwenzio. Kateni kadibodi mbili za saizi ya vioo mnavyovitaka, zibandikeni ukutani kwa gundi ya karatasi, simameni wote wawili kila mtu kwenye sinki yake, mmoja avae ushungi, mwengine avae kofia, au vyovyote mnavyovaa, mtizame kama macho ya kila mmoja yapo ndani ya kadibodi au yamepotelea nje. Alafu usiku zimeni taa, shikeni simu mbili zenye tochi zilofunikwa kwa karatasi nyeupe, mmoja azishike ubavuni mwa uso wa mwenzake usawa wa macho, kisha azipandishe juu ya kichwa, na mwenzake ajipige picha kwa simu ya tatu, moja taa zikiwa ubavuni na moja zikiwa juu. Mkishaziona hizo picha mbili hamtabishana tena kuhusu taa, chukueni kalamu mtie alama kwenye plasta, na fundi atoboe hapo.